Cheo na Deni: Historia ya Mhusika wa Kujitungia, kutoka Gwaride la Nyanda za Juu hadi Mchezo wa Mezani

Mchezo wa kuigiza wa mezani ni mchezo ambao watu wachache huketi pamoja wakasimulia kisa kimoja kwa kupokezana, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika aliyejitungia mwenyewe, huku mwenzao mmoja, ambaye ndiye mwongoza mchezo, akieleza mazingira, akiwasemea watu wengine wote wa kisa hicho, na kuamua kwa kanuni na kwa dadu kama jambo lililokusudiwa limefaulu. Umbo lake la sasa lilichapishwa Marekani mwaka 1974. Hata hivyo, mambo mawili yaliyouzaa, yaani mazoezi ya kijeshi yaliyogeuzwa mchezo, na mtu wa kawaida kujitwalia jina, cheo na wajibu ambao maisha hayakumpa, yalipita katika Nyanda za Juu za Tanzania, nchi ya Mbeya na Iringa, zamani kabla ya mwaka huo, na anayetaka kujua namna ya kumtunga mhusika mzuri ana mengi ya kujifunza huko.

Chimbuko la mezani ni la Prusia. Mwaka 1824 ofisa kijana aitwaye Georg Heinrich von Reisswitz alikamilisha mchezo wa vita ulioanzishwa na baba yake, ambao ulichezwa kwa vipande vidogo juu ya ramani, chini ya mwamuzi asiye na upande, na hasara za kila kikosi zikapimwa kwa dadu. Jeshi la Prusia liliupokea kuwa chombo cha kuwafundishia maofisa. Katika mchezo huo hapakuwa na mtu: palikuwa na kikosi, mlima, mto na amri.

Jeshi la Wajerumani lililotokana na utamaduni huo ndilo lililoingia Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, msafara wa jeshi hilo ulioongozwa na Emil von Zelewski ulishambuliwa kwa kuviziwa na Wahehe, naye akauawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome yao ya Kalenga ilianguka, na mtawala wao, Mtwa Mkwawa, akaendelea kupigana porini mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Haya ni matukio ambayo ramani ya von Reisswitz ingeweza kuyabeba kwa kiasi fulani. Isingeweza kumbeba Mpangile. Ndugu huyu wa Mkwawa aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka 1896, akasimama kati ya serikali iliyompa kiti na ndugu aliyekuwa bado anapigana, na mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikamuua kwa kumshuku kwamba alikuwa akimsaidia Mkwawa. Nguvu ya Mpangile kama mhusika haimo katika umahiri wake wa mkuki wala katika cheo alichopewa, bali katika kuwa na watu wawili anaowiwa kwa wakati mmoja, ambao hawezi kuwalipa wote. Mtunzi yeyote wa mhusika, awe anaandika tamthilia au anajaza karatasi ya mchezo, angefaa aanze hapo.

Jambo la pili, la mtu kujitwalia cheo, lilichipuka kwingine. Katika miaka hiyohiyo ya 1890, pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, ilikuwa imeanza ngoma ya beni, ambayo wachezaji wake walifuata mfano wa bendi za tarumbeta na gwaride la kijeshi, wakijipanga katika vyama vyenye ngazi za uongozi na kushindana kwa mavazi, nyimbo, maandamano na karamu. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliichunguza ngoma hii katika kitabu chake cha mwaka 1975, akaonyesha jinsi vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilivyoenea katika koloni la Kijerumani na jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyovisukuma mbali zaidi pamoja na askari na wapagazi. Mwanachama hakuwa mchezaji tu. Alikuwa Kingi, Gavana, Jenerali, Kanali au Daktari, na wanawake walikuwa na Malkia wao na wauguzi wao. Kila cheo kilikuwa na vazi lake, saluti yake na kazi yake.

Wapo watawala wa kikoloni walioiona beni kama mwigo mtupu, na wapo walioiogopa kama njama, hasa kwa kuwa matawi ya miji iliyo mbalimbali yaliwasiliana na kupokeana wageni. Kosa la pande zote mbili lilikuwa kutazama vazi na kuuacha wajibu uliokuwa chini yake, kwa maana vyama hivi viliuguza wagonjwa, vilizika wafu na vilimpa mgeni mahali pa kufikia. Karani mdogo aliyekuwa Jenerali siku ya ngoma alikuwa Jenerali kwa sababu wenzake walimpigia saluti, na walimpigia saluti kwa sababu alitoa mchango, alikuja msibani na hakukimbia mashindano. Cheo chake kilikuwa cha kubuni, lakini madeni yake yalikuwa ya kweli.

Vita hivyo ndivyo vilivyoziingiza Nyanda za Juu katika njia hii ya askari na wapagazi. Mwezi Mei 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey vilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, vikaichukua Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, na tarehe 29 Agosti vikaingia Iringa. Baada ya vita, kandokando ya Ziwa Nyasa, gwaride likageuka ngoma ya mganda, ambayo kaskazini mwa Malawi hujulikana zaidi kama malipenga. Badala ya tarumbeta za shaba, wachezaji hupuliza mabuyu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke kwa mvumo. Huvaa kaptula na soksi nyeupe zilizopigwa pasi, na mbele yao husimama Kingi, Kapteni, Sajenti, na Daktari mwenye koti jeupe pamoja na muuguzi wake. Kila mmoja hubaki katika nafasi yake tangu ngoma inapoanza mpaka inapokwisha, na hiyo ni nidhamu ambayo wachezaji wengi wa mezani huipata kwa taabu.

Jambo hilohilo, la mchezaji kushika nafasi ya mtu badala ya kikosi, liligunduliwa Marekani nusu karne baadaye, kwa bahati. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, na badala ya kuwapa wachezaji wote majeshi, akawapa baadhi yao nafasi za raia wa mji. Wachezaji wakaacha vita, wakaanza kutafutana, kunong'onezana na kupatana kwa siri. Wesely alidhani ameshindwa, lakini wenzake wakataka warudie. Dave Arneson, aliyekuwa katika kundi hilo, aliendeleza wazo hilo, na akishirikiana na Gary Gygax wakachapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974, katika toleo la kwanza la nakala 1,000. Humo kila mhusika alipimwa kwa sifa sita, yaani nguvu, akili, busara, ustahimilivu, wepesi na mvuto, na kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo ikawa kati ya 3 na 18.

Nambari hizo zina faida, kwa kuwa humzuia mchezaji asijifanye hodari wa kila kitu. Lakini mazoea ya kumtunga mhusika kwa kutafuta nambari kubwa kuliko za wenzake, kisha kumpa wazazi waliokufa na kijiji kilichoteketea ili asiwiwe na mtu yeyote, huzaa mtu asiye na sababu ya kufanya lolote ila kupigana. Huo ni umaskini wa utunzi, na unasikitisha zaidi unapotokea katika nchi yenye hazina ya mahusiano kama Nyanda za Juu. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na kwa miaka mingi wakaendelea kwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kundi la wahusika linalotungwa hivyo halihitaji kukutana kwa bahati ndani ya kilabu cha pombe, kama vinavyoanza visa vingi vya mezani. Tayari linajua nani alikula zaidi ya fungu lake, nani alimficha nani siku ya ugomvi wa ng'ombe, na mama wa nani hawezi kutazamwa usoni tena.

Vivyo hivyo, mhusika wa mwaka 1916 si lazima awe ofisa. Anaweza kuwa mpagazi aliyechukuliwa Ubena, mwenye mzigo wa takribani kilo 25 kichwani, anayeijua njia ya Iringa kuliko Kapteni anayemwongoza, aliyeazima nguo ya mwenzake aliyetoroka usiku, na ambaye kaka yake bado ni askari upande wa Wajerumani. Nguvu yake inaweza kuwa 9 na mvuto wake 7. Mwongoza mchezo akishaambiwa hayo, ana kisa cha kutosha kwa majuma mengi, kwa maana mwenye nguo atarudi kuidai, njia itafika mahali inapogawanyika, na siku moja askari wa doria atakayesimama ng'ambo ya mto atakuwa kaka yake.