Ensefalopathia ya Wernicke: jina na chanzo chake

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, aliandika habari za wagonjwa watatu: wanaume wawili walevi, na mwanamke aliyekunywa asidi ya salfa kisha chakula kikawa hakikai tumboni. Macho yaligoma kuzunguka, miguu ikapepesuka, akili ikavurugika. Wote walikufa. Waliofuata waliwakumbuka zaidi wale walevi, ndiyo maana mgonjwa aliyepandikizwa uloto, asiyewahi kuonja pombe, hashukiwi upesi.

Katika Kiswahili, tukiliacha neno "ensefalopathia" peke yake, msomaji haambulii kitu. "Ugonjwa wa ubongo" nalo ni pana mno. Kiharusi kimo, uvimbe umo. Mimi naandika "ugonjwa wa ubongo utokanao na upungufu wa thiamini". Ni refu, lakini chanzo na tiba vimo humo humo. "Utapiamlo" silipendi hapa: msomaji humwona mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu, ilhali mgonjwa wetu wa uloto yuko katika chumba safi, dripu ya sukari ikidondoka usiku kucha.

Na dripu hiyo yaweza kuwa mtego. Dawa kali zinazotangulia upandikizaji wa seli shina za uloto huchubua kinywa na utumbo. Hata uji haupiti. Akiba ya thiamini mwilini, yaani vitamini B1, ni kama miligramu 30 tu, nayo huisha kwa wiki mbili tatu. Mwili hauwezi kuchoma glukosi ipasavyo bila thiamini, hivyo kila chupa ya sukari isiyo na vitamini huzidi kuikomba. Mwaka 1997, vitamini za mshipani zilipoadimika Marekani, baadhi ya waliokuwa wakilishwa kwa mshipa walipungukiwa thiamini hadi damu ikajaa asidi.

Baada ya upandikizaji, mtu huweza kuchanganyikiwa kwa mengi: maambukizi, au saiklosporini anayopewa ili mwili usigombane na uloto mpya. Tena zile dalili tatu, za macho, miguu na akili, mara nyingi hazitimii. Kwa hiyo daktari akishuku tu, thiamini huingizwa mshipani bila kungoja majibu ya maabara, na isitanguliwe na glukosi. Ni dawa ya bei nafuu. Ikichelewa, kumbukumbu huweza kupotea isirudi.

Siku hizi uloto unapandikizwa hata Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Wewe unayemuuguza ndugu yako, ukiona macho yanachezacheza au anapepesuka akisimama, mwite muuguzi umuulize: hii dripu ina thiamini?