Shufwa na Witiri katika Matoleo ya Linux

Kwa muda wa miaka kumi hivi namba za matoleo ya Linux zilikuwa na sarufi yake. Tangu toleo 1.0 lilipotolewa Machi 1994, tarakimu ya pili ikiwa shufwa, kama 2.2 au 2.4, toleo lilihesabiwa kuwa imara; ikiwa witiri, kama 2.3 au 2.5, lilikuwa la majaribio, na mwenye kulitumia alijitia hatarini kwa hiari yake.

Linus Torvalds, aliyeianza kazi hiyo Helsinki mwaka 1991, aliitoa programu pamoja na maandishi yake yote ili kila mtu aweze kuisoma na kuisahihisha. Kazi ya namna hii yahitaji wajaribuji wengi wenye mashine mbalimbali, kwa kuwa hapana mwandishi awezaye kuwa nazo zote. Hapo ndipo ilipokuwa dosari ya witiri. Iliwaonya watu kwa uaminifu, nao wakalitii onyo: wengi walingojea shufwa, na makosa yakawangojea huko huko.

Tena kungojea kwenyewe kulikuwa kurefu. Mfululizo wa 2.5 ulianza Novemba 2001, na 2.6 haikutoka hata Desemba 2003. Wakati huo makampuni ya kusambaza Linux, yakihimizwa na wateja wenye vifaa vipya, yalichukua vipande vya toleo la majaribio na kuviunga katika toleo imara, kila moja kwa njia yake. Jina 2.4 lilibaki moja. Vilivyoitwa kwa jina hilo vikawa vingi. Julai 2003, baada ya 2.5.75, toleo lililofuata likaitwa jaribio la kwanza la 2.6.0, yaani shufwa ilitangulizwa kabla ya uimara wenyewe. Yaelekea kwamba jina hilo liliwavuta watu kuliko mawaidha.

Mwaka 2004 mfululizo wa 2.7 haukufunguliwa. Mwaka uliofuata ukawekwa utaratibu mwingine: majuma mawili ya kupokea mambo mapya, kisha matoleo ya kujaribiwa kila juma, ambamo husahihishwa makosa tu, na baada ya majuma tisa au kumi kwa jumla, toleo kamili. Aliyechelewa hungojea miezi miwili tu, wala si miaka miwili, hivyo hana sababu kubwa ya kusukuma kazi mbichi. Namba nazo zikapoteza sarufi yake: 5.15 na 6.1, zote witiri, zilichaguliwa kuhudumiwa kwa miaka mingi.