Ndege iliyomezwa na mto wa barafu

Kila msimu wa joto mji mdogo wa Interlaken, nchini Uswisi, hujaa wageni. Miongoni mwao ni familia nyingi kutoka nchi za Ghuba, zinazokimbia jua kali la nyumbani. Baba, mama na watoto hufungwa mikanda ndani ya helikopta, huvishwa visikizio masikioni, na baada ya dakika chache chini yao hakuna tena nyumba wala malisho ya ng'ombe. Kuna mto wa barafu: theluji ya miaka mingi iliyoshindiliana ikawa ngumu, nayo ingali inateremka bondeni, polepole kiasi kwamba jicho halioni mwendo wake. Baadhi ya safari hizo hutua juu ya barafu yenyewe. Watoto hushuka, hushika theluji, hupigwa picha, kisha wote hurudi mjini kula chakula cha mchana.

Si mbali na hapo, upande wa mashariki, upo mto wa barafu uitwao Gauli. Mwezi Novemba mwaka 1946 palikuwa na familia nyingine juu ya barafu hiyo, nazo hazikuwa zimekusudia kutua.

Macho ya kwanza

Hamu ya kuitazama barafu kutoka angani ilitangulia ndege. Tarehe 3 Oktoba 1898 Mswisi Eduard Spelterini aliruka kutoka mji wa Sion kwa puto la gesi liitwalo Vega, akiwa pamoja na mwanajiolojia Albert Heim. Spelterini alibeba kamera, na picha zake ziliwaonyesha watu milima ya Alpi kama ambavyo hapo awali ni ndege wa porini tu waliiona.

Baada yake alikuja Walter Mittelholzer, rubani na mpigapicha, ambaye jina lake linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwezi Januari 1930, akiwa katika safari ya tajiri mmoja wa Vienna aliyetaka kuwinda, alirusha ndege juu ya Kilimanjaro na kupiga picha za kilele cha Kibo. Siku hizo ilikuwa anasa ya matajiri. Leo picha hizo ni ushahidi, kwa sababu kati ya mwaka 1912 na 2011 kilele hicho kilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Kutazama ni jambo moja, kutua ni jingine. Mwaka 1921 rubani François Durafour alitua karibu na kilele cha Mont Blanc na kuondoka salama, lakini hilo lilihesabiwa kuwa ujasiri wa mtu mmoja. Hakuna aliyefikiri kwamba njia hiyo ingeweza kumfaa mama mwenye mtoto.

Siku tano juu ya Gauli

Ndege aina ya Dakota ya jeshi la Marekani iliondoka Austria tarehe 18 Novemba 1946, ikielekea Pisa nchini Italia. Ilikuwa na watu 12: wafanyakazi wanne na abiria wanane. Miongoni mwa abiria walikuwamo wake wa maofisa wakuu wa Marekani waliokuwa Austria baada ya vita, na msichana wa miaka 11. Mmoja wa akina mama hao alikuwa mama mzazi wa rubani mwenyewe, Kapteni Ralph Tate.

Walilala Munich. Siku ya pili hali ya hewa ilikuwa mbaya, mawingu yameifunika milima yote. Alasiri, kwenye kimo cha mita zipatazo 3,350, ndege ikagonga. Haikugonga mwamba. Iligusa mteremko wa theluji wa Gauli, ikateleza, ikasimama. Baadhi walijeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa. Mita chache kulia au kushoto, na habari hii ingekuwa ya mazishi.

Redio ya ndege ilikuwa bado inafanya kazi, na rubani akaomba msaada. Tatizo ni kwamba hakujua alipo. Aliamini wameanguka upande wa Ufaransa, na huko ndiko walikotafutwa kwanza, huku abiria wakijifunika miavuli ya kurukia ili wasigande usiku. Aliyetegua kitendawili hicho alitumia masikio. Katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Meiringen, mkuu wa uwanja, Victor Hug, aliona kuwa sauti ya redio ya wahanga inasikika kwa nguvu mno kuweza kutoka mbali. Akahitimisha kuwa wako jirani.

Marekani ilituma kwa treni askari na magari ya kupita kwenye theluji. Magari hayo yalifika mjini salama, ila mbele ya magenge yale hayakuwa na la kufanya. Waokoaji wa Kiswisi walipanda kwa miguu na kwa mbao za kutelezea, wakawafikia wahanga tarehe 23 baada ya mwendo wa saa nyingi. Lakini kuwafikia si kuwashusha. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, yenye nyufa zilizofichwa na theluji, na majeruhi hawakuweza kutembea.

Asubuhi ya tarehe 24 Hug na mwenzake Pista Hitz waliruka kwa ndege mbili ndogo aina ya Storch, zilizotengenezwa Ujerumani na kufungwa mbao za kutelezea badala ya magurudumu. Walitua wakipanda mteremko, ili mlima wenyewe uwapunguzie mwendo, na wakaondoka wakishuka, ili mlima uwape kasi. Kwa safari nane watu wote 12 wakawa bondeni.

Habari hiyo ilikuwa na uzito wa kisiasa pia. Miaka miwili tu kabla, tarehe 1 Aprili 1944, ndege za Marekani ziliupiga kwa makosa mji wa Schaffhausen, nao Wamarekani walikuwa wakiilaumu Uswisi kwa biashara yake na Ujerumani ya Hitler. Kwa muda pande hizo mbili zikawa na jambo jingine la kuzungumza.

Kutoka uokozi hadi utalii

Somo la Gauli halikusahaulika. Mwaka 1952 rubani Hermann Geiger wa Sion alianza kutua mara kwa mara juu ya barafu kwa ndege ndogo, akipeleka mizigo na kuwashusha wagonjwa. Mwaka huo huo likaanzishwa shirika la uokozi wa angani la Uswisi, Rega.

Helikopta ilichelewa. Kwenye kimo cha Gauli uzito wa hewa umepungua kwa zaidi ya robo, kwa hiyo mapanga hayapati cha kutosha kukishika, na injini za zamani zilikosa nguvu. Mambo yalibadilika mwaka 1955 iliporuka kwa mara ya kwanza Alouette II ya Ufaransa, yenye injini ya tabo. Tangu hapo chombo kinachoweza kumfuata aliyevunjika mguu huko juu kikaweza pia kumpeleka mtalii. Air Zermatt, iliyoanzishwa mwaka 1968, hufanya kazi zote mbili.

Si kila mtu amefurahi. Ufaransa, kwa sheria ya Januari 1985, ilipiga marufuku kuwashusha watu milimani kwa helikopta kwa ajili ya starehe. Uswisi imeruhusu, lakini katika vituo vipatavyo 40 tu vilivyotengwa milimani. Wapandaji hulalamikia kelele. Hoja nyingine ni nzito zaidi: chombo kinachochoma mafuta kinawapeleka watu kuaga kitu kinachoyeyuka. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu ya Uswisi ilipungua kwa karibu asilimia 10.

Dakota ya Kapteni Tate iliachwa pale pale. Theluji iliifunika, kisha barafu ikaimeza na kuichukua polepole kuelekea chini. Mwaka 2012 vijana watatu waliokuwa wakitembea juu ya Gauli walikuta pangaboi la injini limejitokeza. Mwaka 2018, baada ya msimu wa joto kali, vipande vingine vilionekana, na wanajeshi wa Uswisi wakapanda kuvikusanya, mbali chini ya mahali ambapo Hug na Hitz walitua.