Namba tasa zilivyowadanganya waliozihesabu

Namba tasa tunazijua tangu shuleni: zinagawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. 2, 3, 5, 7, 11, 13... Ukizitazama moja moja, huoni mpangilio wowote. Sasa, zitazame kwa wingi.

Ndivyo alivyofanya Carl Friedrich Gauss, kijana Mjerumani wa miaka 15 hivi, mwaka 1792 au 1793. Alizihesabu kwa mafungu ya elfu moja moja, akagundua kwamba zinapungua kwa utaratibu unaofuata logi. Karibu na milioni moja, kwa mfano, kwa wastani namba moja katika kila 14 ni tasa. Kutokana na hilo ikapatikana fomula ya kukadiria idadi yake.

Na fomula hiyo ni kali kweli. Hadi milioni moja kuna namba tasa 78,498. Fomula inazidisha kwa kama 130 tu. Hadi milioni kumi, inazidisha kwa kama 339. Hadi bilioni moja, inazidisha tena, kwa kama 1,700. Kila ulipohesabu, jibu lilikuwa lilelile: fomula inazidisha.

Wewe ungehitimisha nini? Kwamba itazidisha daima, si ndiyo?

Mwaka 1914, J. E. Littlewood wa Cambridge alithibitisha kwamba sivyo. Kuna mahali fomula inapunguza, halafu inazidisha tena, na kubadilishana huko hakuna mwisho. Ila hakuonyesha hata mfano mmoja! Alijua tu kwamba lazima itokee.

Itokee wapi? Mwanafunzi wake kutoka Afrika Kusini, Stanley Skewes, alitoa kikomo mwaka 1933, akichukulia kwamba dhana ya Riemann ni kweli. Kikomo chenyewe: 10 kwa kipeo cha 10 kwa kipeo cha 10 kwa kipeo cha 34. Usijaribu kuiandika, karatasi za dunia nzima hazitoshi. Baadaye kikomo kilishushwa hadi namba yenye tarakimu 317, lakini hata huko hakuna kompyuta iliyowahi kuhesabu ikafika.

Kwa hiyo mtu angeweza kuhesabu maisha yake yote, asikutane na kosa hata moja, na bado akawa amekosea. Ndiyo maana mwanahisabati, hata ukimletea mifano bilioni, bado atakuuliza: uthibitisho uko wapi?