Je, kumfananisha kiongozi na dikteta wa asili yake ni ubaguzi?

Kumwita kiongozi "Idi Amin mpya" au "Hitler mwingine" ni silaha ya zamani katika siasa. Mzozo huzuka pale anayefananishwa anapokuwa wa rangi, taifa au kabila moja na dikteta huyo. Baadhi huuona kuwa ukosoaji halali. Wengine husema ni ubaguzi uliovishwa joho la siasa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 wa kutokomeza ubaguzi wa rangi unataja rangi, nasaba na asili ya kitaifa au kikabila kuwa misingi ya ubaguzi. Jambo la kupimwa, basi, ni iwapo ulinganisho umejengwa juu ya matendo ya mtu au juu ya asili yake.

Asili badala ya matendo

Tarehe 2 Julai 2003, katika Bunge la Ulaya, Waziri Mkuu wa Italia Silvio Berlusconi alikosolewa na mbunge Mjerumani, Martin Schulz. Akamjibu kwamba angefaa kuigiza kama kapo, yaani mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake katika kambi za mateso za Wanazi. Schulz alizaliwa mwaka 1955, miaka kumi baada ya utawala wa Hitler kuanguka. Kilichomuunganisha na kambi hizo ni Ujerumani wake tu.

Ulinganisho wa aina nyingine ulifanywa mwaka 2015 na mchekeshaji wa Afrika Kusini, Trevor Noah, kwenye televisheni ya Marekani. Alimfananisha Donald Trump, aliyekuwa akiwania urais, na watawala wa Afrika, akiwemo Idi Amin. Hoja yake iliegemea majigambo yao, wala haikuhitaji wawe wa rangi moja.

Funzo la Uganda

Afrika Mashariki inazijua hatari za pande zote mbili. Amin alipopinduliwa Aprili 1979, wakazi wengi wa Nile Magharibi, eneo alilonasibishwa nalo, waliandamwa kwa visasi. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, wakiwemo wasiohusika kamwe na maovu ya utawala wake. Walihukumiwa kwa mahali walikotoka.

Hata hivyo, asili inaweza pia kugeuzwa ngao. Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanya mkutano wake Kampala na Amin kuwa mwenyekiti, Tanzania ilisusia. Rais Julius Nyerere aliwalaumu viongozi wenzake kwa kukemea tawala za wazungu wachache kusini mwa Afrika huku wakinyamazia mauaji ya Uganda. Kwake, damu ya Mwafrika ilikuwa na thamani ile ile, awe muuaji ni mweupe au mweusi.

Kipimo

Anayefanya ulinganisho hupaswa kutaja matendo: wapinzani waliofungwa, mahakama zilizonyamazishwa, raia waliofukuzwa. Kisha aiondoe asili ya wahusika. Hoja ikisimama bado, huo ni ukosoaji, hata ukiwa mkali. Ikianguka, kilichobaki ni kumtwisha mtu dhambi za mwingine kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na huo ndio ubaguzi.