Miaka mitano msituni, na pipa la takataka

Mniwie radhi kwa kimya cha wiki kadhaa, kuna mteja alitaka mfumo wake uhamishiwe seva mpya na kazi ya wiki moja ikala mwezi mzima. Usiku, nikingojea data ikinakiliwa, nilikuwa nikisoma historia ya jambo lililonivutia tangu zamani: Wamarekani wanaojiandaa kuishi porini siku serikali itakapoanguka, au siku itakapowafuata wao.

Limenivutia kwa sababu ya kazi yangu. Sisi watu wa tarakilishi hushinda tukijiuliza, sehemu hii ikikatwa kutoka kwa mtandao, je, itaendelea kufanya kazi? Hawa jamaa walijiuliza swali hilo hilo kuhusu maisha yao wenyewe, na wengine wakalijaribu kwa vitendo. Watu wengi walikufa katika majaribio hayo, wakiwemo wasiohusika kabisa, kwa hivyo asije mtu akadhani nawasifu.

Tabia ya kuweka akiba ya chakula na kuchimba handaki si yao wenyewe. Mwaka 1961 Rais Kennedy aliwahimiza raia wajitengenezee mahali pa kujikinga na bomu la nyuklia, na familia za kawaida kabisa zilipanga mikebe ya chakula chini ya nyumba zao. Ilipofika miaka ya 1970 adui alibadilika kwa baadhi yao. Hawakumwogopa tena Mrusi bali serikali yao wenyewe. Kundi lililoitwa Posse Comitatus lilifundisha kwamba hakuna mamlaka halali iliyo juu ya sherifu wa wilaya, na kwamba kodi ya serikali kuu ni wizi.

Mmoja wa wafuasi wake alikuwa mkulima wa North Dakota, Gordon Kahl, aliyepigana Vita Vikuu vya Pili na kisha akakataa kulipa kodi. Tarehe 13 Februari 1983, maafisa walipojaribu kumkamata karibu na mji wa Medina, risasi zilifyatuliwa na maafisa wawili wa mahakama ya serikali kuu wakauawa. Kahl alitoweka kwa karibu miezi minne. Alipatikana tarehe 3 Juni huko Arkansas, katika nyumba ya marafiki iliyojengwa nusu ndani ya udongo wa kilima. Yeye alikufa siku hiyo, na sherifu wa eneo hilo pia. Shikeni jambo moja hapo: mtu aliyetafutwa nchi nzima hakufichwa na msitu. Alifichwa na watu.

Kisa kinachofuata kinajulikana zaidi, na kina kosa ambalo kila mwandishi wa programu atalitambua. Randy Weaver aliishi na familia yake kwenye kibanda cha mbao mlimani Idaho, mahali panapoitwa Ruby Ridge, bila umeme wala simu. Alishtakiwa kwa kuuza bunduki mbili za mtutu uliofupishwa kinyume cha sheria. Tarehe ya kesi ikasogezwa hadi 20 Februari 1991, lakini barua aliyoandikiwa na afisa wa mahakama ilisema 20 Machi. Mwezi mmoja mbele! Hakutokea Februari, hati ya kumkamata ikatolewa, na kabla Machi 20 haijafika akawa ameongezewa shtaka la kutofika kortini. Kuwa mkweli, Weaver alikuwa ameshaamua kutoiamini mahakama, na huenda asingefika hata Machi. Lakini kwa mtu anayeamini serikali inamtegea mtego, barua ile ilikuwa ushahidi tosha.

Familia ilikaa juu ya mlima mwaka mmoja na nusu. Hadithi inayopendwa ni kwamba walijitegemea. Walikuwa na akiba na bustani, ndiyo, lakini marafiki walipanda mlima mara kwa mara kuwaletea chakula na barua. Serikali nayo ilificha kamera msituni ikawa inawarekodi. Mnamo 21 Agosti 1992 maafisa waliokuwa wakichunguza boma walikutana na mbwa wa familia, mapigano yakazuka, na afisa mmoja akauawa pamoja na mtoto wa Weaver mwenye umri wa miaka 14. Siku iliyofuata mdunguzi wa FBI alimpiga risasi mke wa Weaver akiwa amesimama nyuma ya mlango na mtoto mchanga mikononi. Baada ya siku 11 Weaver alijisalimisha. Baraza la mahakama lilimwondolea shtaka la mauaji, likamkuta na hatia ya kutofika kortini, na mwaka 1995 serikali ikakubali kuilipa familia dola milioni 3.1.

Mwaka uliofuata Ruby Ridge ukaja mkasa wa Waco, Texas. Boma la dhehebu la Branch Davidian lilizingirwa kwa siku 51, kisha likateketea tarehe 19 Aprili 1993, na watu 76 wakafa siku hiyo. Waliokuwa wakinung'unika mmoja mmoja sasa walikuwa na majina mawili ya kutaja: Ruby Ridge na Waco. Mapema 1994 kikaundwa kikundi cha Militia of Montana, na mwaka huo huo Michigan Militia. Mwishoni mwa wiki watu waliokuwa na kazi zao za kawaida walivaa nguo za kijeshi wakaenda porini kujifunza kulenga shabaha, kusoma ramani, kuzika akiba ya chakula na kutembea bila kuacha nyayo.

Hapa ndipo mtu wa teknolojia anapoinua masikio. Watu waliohubiri kuishi bila mtandao walikuwa hodari mno wa mitandao. Walitumia mashine za faksi kwa mtindo wa mti: mmoja anawatumia watano, kila mmoja wa hao anawatumia watano wengine. Waliuza kanda za video kwa posta na kwenye maonyesho ya bunduki. Mark Koernke, aliyekuwa mfagiaji katika Chuo Kikuu cha Michigan, alisikika nchi nzima kupitia redio ya masafa mafupi. Na miaka kumi nyuma yao, wabaguzi wa rangi weupe walikuwa wameshafika. Mwaka 1984 Louis Beam alianzisha Aryan Nations Liberty Net, ubao wa matangazo wa tarakilishi ambao ulipigiwa simu kwa modemu, sehemu nyingine zikihitaji neno la siri. Mwaka 1984! Wengi wetu hapa Kenya hatukuwa tumeiona tarakilishi hata kwa picha.

(Si wanamgambo wote walikuwa wabaguzi wa rangi, na wengine walikataa katakata kuhusishwa nao. Lakini vitabu, wahubiri na nadharia za njama zilivuka mpaka huo kila siku.)

Beam huyo huyo alieneza wazo la upinzani usio na kiongozi. Seli ndogo ndogo, au mtu mmoja mmoja, kila moja ikitenda bila amri wala mawasiliano na nyingine. Kwa lugha yetu, mfumo usio na seva kuu, kwa hivyo hakuna mahali pa kuuzima. Lakini mfumo usio na seva hauna pia wa kumzuia mtu anapofanya unyama. Tarehe 19 Aprili 1995, siku ile ile ya kumbukumbu ya Waco, Timothy McVeigh alilipua jengo la serikali Oklahoma City na kuua watu 168, wakiwemo watoto 19. Hakuwa mwanachama rasmi wa kikundi cha wanamgambo, ila alinyonya maziwa yale yale. Na mbinu zake za kukwepa? Alikamatwa baada ya takriban dakika 90 na polisi wa barabarani kwa sababu gari lake halikuwa na bamba la nambari.

Wengi waliona aibu na kuacha. Waliobaki waliendelea kuamini kwamba tatizo la McVeigh lilikuwa kukaa barabarani, kwamba mtu mwenye ujuzi akiingia porini hatapatikana. Mwaka 1998 ukaleta majaribio mawili kwa mpigo.

La kwanza lilikuwa jangwani. Tarehe 29 Mei, karibu na mji wa Cortez, Colorado, vijana watatu waliokuwa wamejizoeza maisha ya porini na kuichukia serikali walimuua polisi wakiwa ndani ya lori la maji waliloliiba, wakajeruhi wengine, wakakimbilia makorongo ya Utah. Maafisa zaidi ya 500 waliwasaka, pamoja na wafuatiliaji nyayo wa Kinavajo. Hawakukamatwa hata mmoja. Ukiishia hapo utasema walishinda. Lakini wa kwanza alipatikana maiti kando ya mto San Juan kabla ya wiki moja kuisha. Mifupa ya wa pili ilionekana mwaka 1999, na ya wa tatu mwaka 2007, imekaa jangwani miaka tisa.

Jaribio la pili ni Eric Rudolph. Huyu alikuwa askari wa zamani, na ndiye aliyetega bomu katika bustani ya Olimpiki ya Atlanta tarehe 27 Julai 1996, kisha mabomu mengine mawili mwaka 1997, kisha la kliniki ya Birmingham, Alabama, tarehe 29 Januari 1998, lililomuua polisi mmoja na kumjeruhi vibaya muuguzi. Tena ni bamba la nambari lililomponza. Mwanafunzi mmoja alishangaa kuona kila mtu anakimbilia moshi isipokuwa mwanamume mmoja anayeondoka pole pole, akamfuata, na nambari ya gari ikanakiliwa. Rudolph akaingia msitu wa Nantahala, North Carolina, wenye ukubwa wa zaidi ya ekari 500,000.

FBI ilipeleka maafisa zaidi ya 200, mbwa, helikopta na vifaa vya kugundua joto la mwili. Zawadi ya dola milioni moja ikatangazwa. Agosti 1998 Bo Gritz, luteni kanali mstaafu aliyemshawishi Weaver ajisalimishe na ambaye alifundisha kozi za kujiokoa porini, aliingia msituni na watu wake kumbembeleza Rudolph atoke. Walitoka mikono mitupu. Mwezi huo huo FBI ilikuwa ikifukua vifusi vya ubalozi hapa Nairobi na kule Dar es Salaam, na Juni 1999 jina la Osama bin Laden likawekwa katika orodha ya kumi wanaotafutwa zaidi, orodha ambayo Rudolph alikuwemo tayari.

Sasa, alikula nini? Hili ndilo swali nililotaka kulijua. Julai 1998 alimwendea mwenye duka la vyakula aliyemfahamu, akachukua kama kilo 34 za chakula na kuacha dola 500. Baada ya hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, aliiba mahindi, soya na ngano kwenye maghala ya wakulima akazika kwa mapipa, akachuma mboga kwenye bustani za watu, akapekua mapipa ya taka ya mikahawa usiku. Alijaribu kuwinda, ila wanyama wa porini hawakumtosha mtu miaka mitano. Kambi yake ilikuwa mlimani juu ya mji wa Murphy, karibu kiasi cha kuuona. Msitu wote ule, naye alisogea polepole hadi akawa jirani wa supamaketi!

Wakati huo huo, mwaka 1999, maelfu ya Wamarekani walikuwa wakinunua jenereta na vyakula vya kukaushwa wakingoja kosa letu sisi waandishi wa programu, la kuhifadhi mwaka kwa tarakimu mbili. FBI iliandika ripoti kuonya kwamba makundi yenye silaha yangeweza kuzua fujo. Januari 1 mwaka 2000 taa ziliendelea kuwaka. Shirika la Southern Poverty Law Center lilihesabu makundi ya aina hii 858 mwaka 1996, na mwaka 2000 likahesabu 194. Idadi ikapanda tena baada ya 2008, lakini hiyo ni makala nyingine.

Rudolph alipatikana tarehe 31 Mei 2003, usiku. Wala si helikopta iliyompata. Polisi wa miaka 21, mgeni kazini, alikuwa akizungusha gari nyuma ya supamaketi ya Murphy akaona mtu amechutama karibu na mapipa ya takataka. Alidhani ni mwizi wa kuvunja maduka. Alipoulizwa jina alijibu Jerry Wilson. Tarakilishi haikumpata Jerry Wilson huyo, mtu mmoja kituoni akamkazia macho kwa muda, na asubuhi alama za vidole zikamaliza ubishi. Mwaka 2005 alikiri makosa, akaonyesha alikozika zaidi ya kilo 110 za baruti milimani, na tangu hapo anatumikia kifungo cha maisha Colorado, ambako chakula huletwa mlangoni.