AaaaaAAaaaAAAaaAAAAaAAAAA!!!: Mchezo wa Kuanguka na Hukumu za Wachezaji

Mwaka 2009 studio ndogo ya Marekani iitwayo Dejobaan Games ilitoa mchezo wa kompyuta wenye jina lisilotamkika: AaaaaAAaaaAAAaaAAAAaAAAAA!!! – A Reckless Disregard for Gravity. Herufi a zimo 25 kabla ya alama za mshangao, na hazikumwagwa ovyo. Zile kubwa zinaingia moja, kisha mbili, tatu, nne na tano, huku ndogo zilizo kati yake zikipungua kutoka nne hadi moja. Ni ukelele wa mtu aliyejitupa kutoka juu, unaopanda kadiri ardhi inavyomsogelea. Katika duka la mtandaoni la Steam, alfabeti iliupa mchezo huo nafasi ya mbele bila gharama yoyote, na mteja aliyeusoma kwenye orodha alikuwa ameshaonja mzaha wake kabla hajatoa hata senti.

Kiini cha mchezo ni uruko wa BASE, yaani kuruka na mwavuli kutoka kwenye kitu kilichosimama badala ya kutoka ndani ya ndege: jengo, mnara, daraja au jabali. Jina hilo lilianza kutumika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kundi la marafiki waliokuwa na Carl Boenish, mpiga picha wa filamu aliyefariki mwaka 1984 akiruka kutoka mlimani nchini Norwe. Mrukaji wa kawaida wa angani, akijitandaza kifudifudi, hufikia kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kisha hewa humzuia asizidi hapo. Wa BASE mara nyingi hana kimo cha kutosha kufika huko. Hatari yake kubwa iko pembeni: ukuta alioruka nao.

Dejobaan waliichukua hatari hiyo ya pembeni wakaifanya sarafu. Mchezaji anasimama ukingoni juu ya Boston ya kubuni, ambako majengo na mihimili vinaelea hewani bila kushikiliwa na chochote, halafu anaruka. Kurudi juu haiwezekani; anachoweza ni kusukuma mwili kulia, kushoto, mbele au nyuma wakati ukishuka. Akipita karibu na jengo anapata “busu”. Akiteremka ubavuni mwake kwa muda bila kuligonga, anapata “kumbatio”. Njiani kuna mashabiki wa kuonyeshwa dole gumba, waandamanaji wa kuonyeshwa kidole cha kati, na majengo ya serikali ya kupulizia rangi. Mwisho wa safari ni kufungua mwavuli na kutua panapotakiwa. Malipo yake ni meno, naam, meno, ambayo mchezaji huyatumia kufungulia hatua nyingine. Mruko mmoja huisha kwa takriban dakika moja.

Kanuni hiyo ya ukaribu ndiyo ufunguo wa karibu kila kinachosemwa na wachezaji kuhusu mchezo huu, wawe wanausifu au wanauponda. Mtu aliyeketi mbele ya skrini hahisi upepo wala tumbo kupanda kooni. Kinachomwambia kwamba anakwenda kasi ni vitu vinavyopita kando ya macho yake, na kitu kilicho mbali hupita polepole hata kama mwili unaporomoka. Katikati ya uwazi, basi, kuanguka huku kunachosha kuliko mtu anavyotarajia. Karibu na ukuta, madirisha yanageuka michirizi. Alama zimewekwa palepale ambapo kasi inaonekana, na mchezaji anayezifuata anavutwa hadi mahali mchezo ulipo mtamu.

Asiyezifuata anabaki na mchezo mwingine kabisa. Hapa ndipo maoni yanapoachana. Wapo walioucheza kama safari ya kwenda chini: kwepa vikwazo, fungua mwavuli, tua, nenda hatua inayofuata. Kwa hesabu yao, wamenunua mfululizo wa mianguko mifupi isiyo na hadithi wala mhusika, wala sababu ya kurudi baada ya kutua. Wengine waliucheza kama zoezi la kutafuta njia. Hao huruka kutoka ukingo uleule tena na tena, wakijua sasa kwamba mhimili wa tatu unaruhusu kumbatio refu ukiingia kutoka kushoto, na kwamba ukiwapungia mashabiki kwa kuchelewa utakosa nafasi ya kupinda kuelekea mnara. Kwao dakika moja ni kipimo kizuri, kwa kuwa njia nzima inakaa kichwani na kosa halimrudishi mtu mbali.

Mimi naona kundi la pili ndilo lililouona mchezo wenyewe. Lakini lawama za kundi la kwanza haziwezi kufutwa kwa kuwaambia kwamba hawakujua kucheza. Mchezo unaoficha utamu wake ndani ya alama una wajibu wa kumsukuma mgeni azitafute, na huu unapenda zaidi kumchekesha kuliko kumfundisha. Waamuzi wa tamasha la Independent Games Festival la mwaka 2010 waliuingiza kwenye fainali katika kipengele cha ubora wa usanifu, jambo linaloonyesha kwamba kanuni zake ziliheshimiwa na watu wa fani. Mnunuzi wa kawaida hana muda wa kuchambua usanifu. Anataka kujua kwa nini mruko wa nne unafanana na wa tatu.

Namna maoni yanavyopimwa nayo imeuathiri mchezo huu. Steam ilianza kuwaruhusu wanunuzi kuandika tathmini mwishoni mwa mwaka 2013, wakati mchezo ulikuwa na umri wa miaka minne. Tathmini hizo hazina nyota wala maksi. Mtu anapendekeza au hapendekezi, na saa alizocheza zinaonyeshwa hapo hapo. Kwa mchezo wa kivita au wa kujenga miji, saa mia mbili kando ya jina ni ushahidi wa mapenzi. Kwa mchezo wa miruko ya dakika moja, mtu anaweza kuufurahia kikamilifu kwa saa tatu, na bado tarakimu hiyo ikasomeka kama shutuma. Kuanzia mwaka 2015 duka hilo pia linamrudishia fedha mnunuzi ambaye hajapitisha saa mbili za kucheza, mradi aombe ndani ya siku 14. Kwa michezo mifupi, muda huo unatosha kula sahani nzima kabla ya kuirudisha jikoni.

Kuhusu ucheshi, hakuna wa katikati. Studio hii ina ulimi wake: mchezo wao uliofuata katika mkondo huohuo unaitwa 1... 2... 3... KICK IT! (Drop That Beat Like an Ugly Baby), na jina hilo linatosha kumwonya mteja. Maandishi ya hatua, meno kama fedha, na adabu iliyopinduliwa ya kumshangilia huyu na kumtukana yule kwa ishara vina ladha ya utani mkavu wa watu wachache waliofanya kazi usiku. Anayeupenda husema ndio unaoupa mchezo uhai, kwa sababu picha zenyewe ni maumbo sahili yenye rangi kali, na bila utani yangebaki kuwa matofali yanayoelea. Asiyeupenda huona ni mtu anayejichekesha mwenyewe. Mzazi anayetafuta kitu cha kumpa mtoto ana hoja ya tatu, na kidole cha kati kinaimaliza haraka.

Mzaha huo uliwafaa Dejobaan mwaka 2011, pale kampuni ya Valve ilipotangaza ujio wa mchezo wa Portal 2 kwa fumbo la mtandaoni lililofichwa ndani ya michezo 13 ya watengenezaji huru, huu ukiwamo. Kwa majuma machache watu waliokuwa wakitafuta dokezo walijikuta wakiruka kutoka majengo ya Boston.

Matoleo yaliyofuata yalibadilisha malalamiko bila kuyamaliza. Dejobaan walishirikiana na studio ya Owlchemy Labs kuuleta kwenye simu za iPhone kwa jina la Force = Mass x Acceleration, ambapo mchezaji huongoza mwili kwa kuinamisha simu. Kuinamisha simu kunaingia akilini haraka, ila mkono hauna usahihi wa kibodi na kipanya. Anayewinda makumbatio hulihisi hilo upesi, na anayepitisha muda kwenye foleni wala hajali. Likaja pia toleo jipya la kompyuta, For the Awesome, ambalo baadaye lilipata uwezo wa kutumika na miwani ya uhalisia pepe ya Oculus Rift. Hapo pingamizi lilihamia tumboni. Macho yanasema mwili unaanguka, sikio la ndani linasema umekaa kitini, na ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana hujibu kwa kichefuchefu. Vilevile huko ndiko kuanguka kunakoaminika zaidi kuliko kwenye skrini yoyote, kwa kuwa mtu anaweza kuinamisha kichwa akatazama chini kabla ya kuruka.

Kanuni ya kulipwa kwa kukaribia hatari imeendelea kuishi kwingine. Superflight, iliyotolewa mwaka 2017 na studio ya Kijerumani ya GrizzlyGames, inampa mchezaji vazi la mabawa na milima inayoundwa na kompyuta, na alama huja kwa kupita karibu na miamba. Haina waandamanaji, meno wala hatua za kufungua. Wachezaji huisifu kwa utulivu wake, sifa ambayo hakuna atakayeipa kazi ya Dejobaan, ingawa mkono unafanya kitu kilekile.

Tofauti kubwa iko kwa aliyepanga vikwazo. Majengo ya Boston yamewekwa moja moja na mtu aliyejua busu hili litafuatwa na kumbatio gani. KICK IT! iliachana na upangaji huo: mchezaji analeta muziki wake mwenyewe, na kompyuta inajenga njia ya kuanguka kutokana na wimbo. Mwaka 2013 mchezo huo ulikuwa miongoni mwa michezo 12 ya kwanza ambayo Steam iliiuza kabla ya kukamilika. Waliolalamika kwamba hatua ni chache walipata idadi isiyo na mwisho. Aliyezoea kukariri njia moja hadi aijue kila kona hana pa kukariri hapo, isipokuwa aamue kuruka na wimbo uleule kila siku.